Jiwe Lililomeza Moto

Kengele yetu ni ringi ya lori
iliyoning'inizwa kwa mnyororo kwenye mkuyu.
Kila Jumapili, saa kumi na moja alfajiri, naigonga kwa nondo,
mimi Perusi binti Manyama, na kisiwa kizima kinajua
usiku umekwisha.

Usiku ule haukutaka kwisha.

Chumba cha nyuma, katikati ya majoho ya kwaya,
Tito fundi injini alikuwa amejikunyata siku ya tatu,
mikono inanuka petroli hata akiomba.
Nilimpelekea ugali wa muhogo na furu wa kukaanga,
nimefunika kwa vitabu vya nyimbo.

Ukiniuliza nilimpendea nini, sina jibu la maana.
Labda vile alivyosoma namba za injini
kama mchungaji asomavyo ukoo wa Daudi,
haruki hata moja.
Ndivyo alivyoona: injini tano, namba zimesuguliwa kwa tupa,
zimelala ghalani kwa mzee Kusekwa,
mhazini wetu, aliyetununulia bati,
atoaye fungu la kumi kwa noti zilizonyooka.
Moja ilikuwa ya wana wa Magesa,
waliokutwa wanaelea, mtumbwi haupo,
asubuhi ya Pasaka.

Tito akavuka hadi Mwanza, akaandika maelezo polisi.
Akarudi.
Kwa nini umerudi? nilimnong'oneza.
"Nilisahau spana," akasema,
akanitazama mpaka nikaelewa spana ni nani.

Usiku huo akanieleza habari za mawe yetu.
Mwalimu wa jiografia aliwaambia yalikuwa moto,
uji unaotokota chini kabisa,
ukapanda, ukapanda, ukakosa mlango,
ukapoa humo humo.
"Milima mingine hutapika, Perusi. Wetu ulimeza.
Na sisi watu wake tumemeza vya kutosha."

Mpango ulikuwa mfupi.
Mtumbwi wa shemeji yake utajificha nyuma ya mwamba wa Fisi.
Mapigo matatu: njoo.
Nikinyamaza: geuza, usiangalie nyuma.

Nikafika na nondo yangu.
Mzee Kusekwa ameketi kwenye ngazi ya kanisa,
viatu amevipanga pembeni kama mtu wa nyumbani.
Vijana wawili nisiowajua wamesimama gizani.
"Bwana asifiwe, binti."
"Amina."
"Fundi yuko wapi?"

Nikamkumbuka Rahabu, mabua ya kitani darini,
alivyowadanganya askari wa mfalme
na bado akahesabiwa pamoja na wenye imani.
Mimi hata uongo ulinikauka mdomoni.
"Ngoja nigonge kwanza, mzee. Saa imefika."
Akatabasamu. "Gonga."

Sikugonga matatu.
Niligonga la mtu aliyezama:
mawili-mawili, bila pumzi, mpaka bega likawaka.

Milango ikafunguka. Wanawake na khanga nusu-nusu,
watoto, mbwa, mchungaji na kiatu kimoja.
Na huko ziwani taa za wavua dagaa, zote, zikageuka,
zikaja pwani kama mji unaohama.

"Nani kazama? Nani?"

Nikasema, nondo ingali mkononi:
"Wana wa Magesa."

Hakuna aliyekohoa.
Mama yao akasogea mbele, polepole,
akamwangalia Kusekwa, akaviangalia viatu vyake.
Hapo mlango wa nyuma ukalia,
Tito akatoka na daftari la namba,
uzi wa joho umemnasa begani.

Kesi iko Mwanza, inaahirishwa.
Bati lile hatujakubaliana: wengine wanasema ling'olewe,
wengine wanasema mvua haiulizi nani alinunua.
Mke wa Kusekwa bado ananisalimia, nami sijui niitikie kwa sauti gani.
Barua ya posa ililetwa jana, imeandikwa
nyuma ya karatasi ya kuagizia vipuri.

Jioni tunaketi juu ya mwamba, hatusemi sana.
"Weka kiganja hapa," ananiambia.
Jua limezama saa nzima iliyopita.
Naweka.
Bado lina joto.